Kumlilia Mtu Asiyekuwapo

Wapo watu wazima, wenye akili zao na vyeti vyao, ambao ukiwaambia kuwa umehuzunishwa na mchezo wa televisheni hukutazama kama mtu aliyekosa kazi ya kufanya. Atacheka kidogo, kisha atakuuliza: "Lakini si hadithi tu?" Neno hilo "tu" nimelisikia kwa zaidi ya miaka arobaini, na kila nikilisikia hunikera upya. Linaniuma zaidi likitoka kinywani mwa mwalimu, maana mwalimu ndiye aliyekabidhiwa watoto wa watu awafundishe kusoma. Wapo na wengine, ambao mimi nawaona wabaya kuliko hao. Hawa hawacheki. Hawa hukuuliza, kwa utulivu kabisa na kalamu mkononi: "Na funzo lake ni nini?" Nimekusudia kugombana na hawa wa pili. Hao wa kwanza nitawapitia njiani.

Mchezo ninaoutolea mfano unaitwa Blake's 7. Ulionyeshwa na BBC ya Uingereza kuanzia tarehe 2 Januari 1978 hadi tarehe 21 Desemba 1981, sehemu 52 kwa jumla, yaani misimu minne ya sehemu 13 kila mmoja. Aliyeubuni ni Terry Nation, mtu wa Wales, yule yule aliyewabuni Dalek wa Doctor Who mwaka 1963, na sehemu zote za msimu wa kwanza aliziandika yeye peke yake. Mambo yake ni ya karne nyingi zijazo. Dunia hii pamoja na sayari nyingine nyingi zimo chini ya dola moja iitwayo Shirikisho, na raia hutiliwa dawa katika maji na chakula ili wasiwe na hamu ya kuuliza maswali. Roj Blake alikuwa kiongozi wa upinzani. Wakamkamata, wakamfuta kumbukumbu zake, wakamrudisha mjini akiwa mpole kama kondoo. Anapoanza kukumbuka, hawamuui, kwa sababu kumuua kungempa heshima ya shahidi. Wanamzulia kesi ya kuwaharibu watoto wadogo, na watoto wenyewe wamepandikizwa kumbukumbu za uongo hata wanaamini kwamba waliharibiwa. Mwanasheria wake anaanza kuuona ukweli. Basi yeye na mkewe wanauawa, na Blake anapakiwa katika chombo cha wafungwa akiwa hana habari. Hiyo ni sehemu ya kwanza tu, ndugu msomaji, na bado 51.

Msomaji wa Kiswahili hapa atamkumbuka Karama. Shaaban Robert naye aliiweka nchi yake ya dhuluma angani, akamsimamisha mtu mwema mbele ya baraza, mashtaka yakasomwa. Lakini Karama anapewa nafasi ya kusema, anasema siku baada ya siku, na mwishowe baraza linageuka na haki inashinda. Kusadikika kilitoka mwaka 1951, watu wangali chini ya utawala wa kigeni, na mimi naamini mwandishi alijua vema kwa nini aliwapa wasomaji wake ushindi ule. Blake hapewi nafasi ya kusema. Tangu hapo mtazamaji makini alikwisha kuonywa ni safari ya namna gani anaianza.

Katika kutoroka kwake Blake anaipata merikebu kubwa ya angani isiyo na wenyewe, na watu wa kuiendesha ni wafungwa wenzake. Jenna alikuwa mvusha magendo. Vila ni mwizi, fundi wa kufungua makufuli, mwoga, mlevi, na mcheshi kuliko wote. Gan alipandikizwa kidude kichwani ili asiweze kuua tena. Na yuko Avon, bingwa wa kompyuta aliyekamatwa akiiba katika mabenki ya Shirikisho. Avon hakutaka kumkomboa mtu yeyote. Alitaka fedha, na mahali pa kukaa asipofuatwa. Kila juma alisema kwamba atawaacha, na kila juma alibaki. Paul Darrow aliyemwigiza alikuwa na namna ya kusema maneno kama mtu anayehesabu noti, na watazamaji walimpenda yeye kuliko hata Blake mwenyewe. Sitajaribu kueleza kwa nini. Mtu aliyekwisha kuwa na rafiki mwenye ulimi mkali asiyewahi kukosa siku ya shida, huyo anajua.

Mandhari yake, kusema kweli, yalikuwa ya kuchekesha. Fedha zilikuwa haba. Sayari nyingi zilifanana sana na machimbo ya kokoto ya Uingereza, na ukuta wa chuma ungeweza kutikisika mtu akiufunga mlango kwa nguvu. Hilo halikutuzuia. Wazee wetu walimfanya Sungura aseme wakiwa wamekaa gizani bila hata picha.

Nilikuwa Uingereza tangu mwisho wa 1978 hadi 1982 kwa masomo ya shahada ya ualimu. Huku Tanzania Bara hatukuwa na televisheni mpaka mwaka 1994. Ndugu zetu wa Zanzibar walikuwa nayo, tukawaonea wivu. Kwa hiyo niliikuta televisheni ukubwani, katika sebule ya bweni, na sikuwa na mazoea ya kuidharau. Msimu wa kwanza niliuona miaka mingi baadaye, kwenye kanda. Ile mingine mitatu niliiona ikitoka, juma kwa juma.

Mwezi Februari 1979 Gan akafa. Blake aliwaongoza watu wake mpaka ndani ya ngome ambayo dunia nzima iliamini kuwa ndimo mlimo na mtambo unaoliendesha Shirikisho lote. Wakavunja milango, wakaingia, wakakuta chumba kitupu. Mtambo ulikuwa umehamishwa siku nyingi, ngome imeachwa kuwa mtego. Wakati wa kutoka, Gan aliushikilia mlango kwa mabega yake ili wenzake wapite, nao ukamlalia. Alikufa kwa ajili ya chumba kitupu. Sikulala vizuri usiku ule.

Mtanzania mwenzangu, aliyekuwa akisomea uhandisi, alinisuta kesho yake. Majeshi ya Idi Amin yalikuwa yameingia Kagera Oktoba iliyopita, na vijana wetu walikuwa wamekwisha kuvuka mpaka kuingia Uganda. Mtoto wa baba yangu mkubwa alikuwa miongoni mwao. "Ndugu zako wako vitani," akaniambia, "nawe unamsikitikia mzungu aliyeangukiwa na mlango wa mbao uliopakwa rangi!" Alisema mbele za watu, wakacheka.

Jambo hili nimelifikiri kwa muda mrefu, na nasema hivi. Mwenzangu yule alidhani huzuni ni kama sukari ya duka la ushirika la siku zile: ukimpa huyu kilo yake, yule wa nyuma kwenye foleni atakosa. Haiko hivyo. Kwa majuma mawili nilikuwa nimeshindwa kumwandikia baba mkubwa barua. Kila nikianza, kalamu ilileta maneno ya gazeti: ushujaa, taifa, ushindi. Usiku ule wa Gan ndipo nilipoandika, nikamwuliza mzee anakula nini, analala vipi, nani anamsomea taarifa ya habari. Barua ile aliitunza. Kampala ilianguka Aprili mwaka ule, na ndugu yangu akarudi mzima, namshukuru Mungu. Lakini anayeniambia kuwa kumlilia Gan kulimnyang'anya ndugu yangu kitu, na aje anionyeshe ni kitu gani.

Hao ndio wa kwanza, na yatosha. Sasa twende kwenye mwisho wenyewe, maana bila kuujua mwisho ule huwezi kuuona ubaya wa lile swali la funzo.

Gareth Thomas, aliyemwigiza Blake, aliondoka mwisho wa msimu wa pili, Aprili 1979. Katika sehemu ile ya kuagana, Avon anamwambia Blake, kwa hasira kabisa, kwamba anataka amwondokee maishani. Naye Blake, kabla ya kuagana, anamwambia Avon kwamba siku zote amemwamini, tangu mwanzo. Liwekeni hilo akilini. Mwaka 1980 Avon anamtafuta mtu aliyemtesa na kumuua mwanamke aliyempenda, Anna, na anagundua kwamba Anna hakufa, na kwamba alikuwa jasusi wa Shirikisho tangu siku ya kwanza. Anampiga risasi kwa mkono wake. Mwisho wa msimu huo huo wa tatu anavutwa na ujumbe unaoonekana kutoka kwa Blake. Anaufuata bila kuwaambia wenzake, anaonyeshwa Blake wa uongo, na kwa ajili hiyo wanaipoteza merikebu yao. Desemba 1981, majuma mawili kabla ya mwisho, yeye na Vila wamo katika chombo kidogo kisichoweza kupaa kwa sababu kimezidiwa uzito. Wametupa kila kitu, bado zinatakiwa kilo 70. Kompyuta inataja, bila kuulizwa vizuri, kwamba Vila ana kilo 73. Avon anachukua bunduki, anapita chumba hadi chumba akimwita Vila kwa sauti ya upole, na Vila amejikunyata mafichoni akilia. Wanapona kwa njia nyingine. Lakini Vila alikwisha kuisikia ile sauti, na sisi pia.

Kisha ikaja tarehe 21 Desemba, siku ya Jumatatu. Desemba ile ilikuwa ya baridi kali mno, theluji kila mahali, wanafunzi wa Kiingereza wamekwenda kwao kwa sikukuu. Tulibaki wageni: Mmalaysia mmoja, Wanigeria wawili, mimi, na mke wa mlinzi wa bweni, mama wa Kiingereza wa makamo, ambaye kila Jumatatu alikuja kutazama nasi kwa kuwa mumewe alipenda stesheni nyingine.

Sehemu hiyo ya mwisho, iliyoandikwa na Chris Boucher, inaitwa kwa jina la Blake mwenyewe. Avon amempata, katika sayari ya wahalifu iitwayo Gauda Prime. Blake ana kovu baya usoni na anajifanya mwinda watu, anayewakamata wanaotafutwa ili alipwe; kumbe kwa njia hiyo anawapima, apate wa kujenga nao jeshi jipya. Hawezi tena kumwamini mtu bila kumjaribu. Amemjaribu Tarrant, rubani wa Avon, bila kumwambia kuwa ni majaribio, na Tarrant amekimbia kwenda kumwambia Avon kwamba Blake amewauza. Avon anauliza kama ni kweli. Blake, badala ya kusimama na kueleza, anamwendea, kwa sababu anamwendea rafiki yake. Avon anampiga risasi mara tatu. Blake anamshika mikono, anamtaja jina, anaanguka. Hapo ndipo jasusi wa kweli anapojitokeza, askari wanaingia, na wenzao wote wanapigwa mmoja baada ya mwingine: Dayna, Vila, Soolin, Tarrant. Avon anabaki peke yake, amesimama juu ya maiti ya Blake, kazungukwa. Anatazama huku na huku. Anainua bunduki, anatabasamu. Picha inazimika, na gizani unasikika mlio wa risasi nyingi. Muziki ukapigwa kama Jumatatu zote.

Hakuna aliyesema neno katika sebule ile. Mmalaysia alikwenda akaizima televisheni, akabaki amesimama na mkono juu yake. Yule mama alikusanya vikombe vyetu, hata vyangu nilichokuwa sijamaliza, akaenda kuviosha, ingawa kuosha vyombo vyetu hakukuwa kazi yake. Tulikaa hivyo, naona kama dakika kumi. Kisha Mnigeria mmoja akaanza kuwatukana BBC kwa lugha yao, na wote tukamwelewa.

Tazama namna pigo lile lilivyotengenezwa. Servalan, adui mkuu wa miaka minne, yule mwanamke katili aliyechukiwa na kila mtazamaji, hamo kabisa katika sehemu ile. Hakuna wa kumchukia. Mwandishi ametunyima hata hilo. Blake hana hatia, Tarrant amesema alichokiona, na Avon kila alichokipitia kimemfundisha kuuliza swali lile alilouliza. Yule mtu aliyemwamini Avon tangu mwanzo amekufa kwa mkono wa Avon, nasi tulikuwapo tukiitazama kila hatua ya njia ile kwa miaka mitatu, hatukuona inakokwenda. Mlango wa machozi ni huo. Tulilia, nasema tulilia sisi watu wazima, kwa sababu tuliwajua watu hawa kwa muda mrefu kuliko tulivyowajua wengi wa majirani zetu wa bwenini.

Sasa mlete yule wa funzo, na daftari lake. Atasema nini? "Kikulacho ki nguoni mwako." Uongo: Blake hakumla mtu. "Haraka haraka haina baraka"? Avon alisimama, akauliza, akangoja jibu. "Tuaminiane," basi. Ahsante sana, bwana. Miaka minne, sehemu 52, watu sita wameanguka sakafuni, nawe umetuletea neno la kuandikwa kwenye kanga. Na ubaya hauko katika kuwa neno hilo si kweli. Ni kweli, kila mtu alilijua kabla hajawasha televisheni. Ubaya ni kwamba limeletwa ili tuondoke pale haraka. Ni mkono wa mtu anayemfunika maiti uso kabla wenyewe hawajamtazama.

Wakati mwingine naambiwa: "Mwalimu, hayo ni ya Waingereza na sinema zao, yanatuhusu nini?" Yalinihusu mwaka 1996, nikiwa mkuu wa chuo cha ualimu, na yalimhusu zaidi mwanachuo wangu mmoja, binti, aliyekuwa katika mazoezi ya kufundisha. Alikuwa akifundisha Kichwamaji cha Kezilahabi, kidato cha tano. Siku hiyo walifika mwisho, pale Kazimoto anapojiua. Binti yule aliisoma sehemu ile kwa sauti, akafunga kitabu, akaketi. Darasa likanyamaza. Hakulisemesha. Zikapita dakika saba. Nazijua kwa sababu mtathmini wa nje, aliyeketi nyuma na saa mkononi, aliziandika. Mwishowe kijana mmoja akasema kwa uchungu kwamba mwandishi amemwonea Kazimoto. Msichana mwingine akasimama, akasema hapana, kajionea mwenyewe, na sauti yake ilitetemeka. Wakaanza kubishana, vitabu vikafunuliwa tena, wakarudi sura ya kwanza kutafuta ushahidi. Kengele ikalia wangali wanabishana, na wakatoka nje wakiendelea.

Ripoti ya mtathmini ninaikumbuka. Iliandikwa kuwa mwalimu alipoteza muda, kwamba alishindwa kudhibiti hisia za wanafunzi, na kwamba somo halikuwa na hitimisho: ubaoni hapakuwa na dhamira, ujumbe wala falsafa ya mwandishi. Akapewa alama ya kushindwa kwa somo lile. Kumbe mwalimu wa darasa la pili yake, jirani tu, alisifiwa. Huyo aliandika ubaoni, kwa mwandiko mzuri, ujumbe saba wa riwaya nzima, namba moja hadi saba, wanafunzi wakanakili kimya. Hakuna aliyefungua kitabu. Niliulizia: wengi hawakuwa nacho, wala hawakukihitaji.

Nilimwita mtathmini ofisini, nikamwagizia chai, nikamwuliza kama yeye mwenyewe alipokisoma Kichwamaji mara ya kwanza alihisi nini. Akanijibu kwamba alikisoma kwa ajili ya mtihani. Nikamsimulia kwa kirefu habari za Avon na Blake, na zile dakika kumi za sebuleni. Alinisikiliza kwa adabu, maana nilikuwa mkubwa wake kwa umri. Nilipomaliza akaniuliza: "Sasa Mkuu, funzo la mchezo huo ni lipi?" Naapa sikumtilia maneno mdomoni.

Na wenye mawazo ya namna hiyo hawakuanza jana. Rosa Mistika, riwaya ya kwanza ya mwandishi huyo huyo, iliyotoka 1971, iliwahi kupigwa marufuku mashuleni. Walioipiga marufuku, kwa maoni yangu, walimheshimu msomaji kuliko huyu wa ujumbe namba moja hadi saba. Wao angalau waliogopa kwamba kitabu kingemgusa mtu. Huyu amepata njia bora zaidi: kiacheni kitabu kiingie darasani, lakini kifundishwe kwa namna ambayo hakitamgusa yeyote.

Sisi tulio watu wa pwani na wa bara, wote, tunajua kukaa matanga. Mtu akifiwa tunakwenda, tunaketi mkekani, wanaume nje na wanawake ndani. Huendi kumweleza mfiwa sababu. Anayeingia na maneno mengi, huyo huonwa hana malezi, na mzee mmoja atamvuta kanzu aketi. Baadaye, siku ya tatu au ya arobaini, watu wataongea. Yatasemwa ya mirathi, ya madeni, hata ya nani alimchelewesha marehemu hospitali. Kila jambo na siku yake. Yule binti, ambaye hakuwahi kuisikia Blake's 7 maishani mwake, alifanya jambo ambalo kila mtoto wa Kitanzania amewaona wazazi wake wakilifanya. Alikaa na darasa lake mkekani dakika saba. Na walipoanza kusema, walisema mambo ambayo hakuna mwongozo wa mwalimu unaoweza kuyaorodhesha, kwa kuwa yalitoka kwao.

Wapo watu ambao baadhi ya wenzangu wangetaraji niwagombeze pia, nami siwagombezi. Ni wale mashabiki wa Blake's 7 ambao hawakukubali. Gareth Thomas alirudi kwa sharti kwamba safari hii Blake afe kabisa, isiwe na shaka, ndiyo maana damu yake inaonekana wazi. Lakini wale wengine walianguka bila damu, na mlio wa mwisho ulisikika gizani tu. Basi mashabiki waliushika upenyo huo. Mwaka 1984 kilitoka kitabu cha Tony Attwood kiitwacho Afterlife, kinachoendeleza habari baada ya Gauda Prime. Na wao wenyewe kwa wenyewe, Uingereza na Marekani, waliandika hadithi nyingi mno wakazitoa nakala na kupeana, kila moja ikianza pale pale sakafuni: Avon alipona, Vila alijifanya kufa, bunduki zilikuwa za kuzimisha tu. Nimesoma chache. Nyingine ni mbovu. Lakini hawa hawajakimbia, ndugu zangu. Miaka zaidi ya arobaini imepita, Darrow amefariki 2019, Thomas 2016, Jacqueline Pearce aliyekuwa Servalan 2018, Boucher 2022, Nation mwenyewe tangu 1997, na watu wale bado wanarudi katika chumba kile kuwaangalia walioanguka kama kuna anayepumua. Kwangu mimi huo ndio usomaji. Laiti ningepata darasa moja la namna hiyo kwa kila mkoa.

Alama ya binti yule haikubadilishwa. Niliandika barua mbili kwa wahusika, sikujibiwa hata moja, na somo lile limebaki katika jalada lake kama somo lililoshindwa. Alifaulu mazoezi kwa masomo mengine, akapangiwa kituo, na mpaka leo anafundisha. Nasikia wanafunzi wake huazimana vitabu hata vile visivyo vya mtihani.

Ninachokitaka ni kidogo, nacho hakihitaji fedha wala semina. Katika andalio la somo iko ile nafasi ya chini, ya hitimisho. Siku darasa linapofika mwisho wa riwaya au tamthilia ambayo mwisho wake ni mchungu, mwalimu aruhusiwe kuiacha nafasi hiyo wazi. Ujumbe utaandikwa juma lijalo, hautaoza. Naye mtathmini akiikuta tupu, aandike saa aliyoingia na saa aliyotoka, atie sahihi, afunge mlango polepole.